Ngwara Shambani, Mpaka Hai Pembeni: Mwongozo wa Kufunika Udongo na Kurudisha Viumbe Rafiki

Mahindi yakishavunwa Agosti, pita Karatu, Mbulu au Babati uangalie mashamba. Mabua yameliwa na ng'ombe hadi kwenye shina, ardhi imebaki wazi, na upepo wa Septemba unanyanyua vumbi mpaka huoni nyumba ya jirani. Mvua ya kwanza ikija kwa kishindo, ule udongo wa juu wenye rutuba unateremka makorongoni, na wa Karatu sehemu yake inaishia Ziwa Manyara. Mkulima anabaki kutafuta hela ya mbolea kufidia kilichoondoka bure.

Dawa yake ni kazi mbili: kupanda zao la kufunika udongo katikati ya shamba, na kuacha au kupanda ukanda wa majani, maua na miti kwenye mipaka. Watu wengi wanazifundisha mbalimbali. Mimi nasisitiza zifanywe pamoja. Ngwara, zao la jamii ya maharage linalotambaa, ikitanda shambani inaleta maua wakati wa kiangazi, nyuki na nyigu wanapata chakula. Lakini siku ukiikata wanahitaji pa kukimbilia, na hapo ndipo mpaka unapofanya kazi yake. Ukiwa na kimoja bila kingine, utaona faida nusu na utakata tamaa mapema.

Vipimo nilivyoweka vinafaa mahindi ya masika kwenye nyanda za kaskazini mwa Tanzania zenye mvua ya wastani. Wa Kenya, mnaoiita ngwara njahi, mtavitumia vilevile mkirekebisha tarehe za kupanda.

Hatua ya 1: Lisome shamba kabla ya kununua mbegu

Kazi hii ni ya kiangazi. Chukua jembe na kamba, uzunguke shamba lote taratibu.

Chimba mashimo matatu: juu, katikati na chini ya mteremko. Ukikuta jembe linagonga tabaka gumu kwenye kina cha sentimita 15 hadi 20, hiyo ni kazi ya plau iliyopita kina kilekile miaka nenda miaka rudi. Mizizi ya mahindi ikifika hapo inapinda na kwenda pembeni, na maji ya mvua hayashuki. Tabaka la namna hiyo lichane mara moja kwa rippa, yaani jembe la kuchana ardhi bila kuigeuza, la kukokotwa na ng'ombe au trekta wakati udongo umekauka. Mizizi ya ngwara na mbaazi itaendeleza kazi hiyo miaka inayofuata, lakini usiitegemee ipasue peke yake ardhi iliyoshindiliwa kwa miaka 20.

Kisha pima kifuniko. Funga mafundo 20 kwenye kamba, kila fundo hatua moja kutoka lingine. Ilaze kwenye mstari wa kutoka kona hadi kona ya shamba, upite ukihesabu mafundo yaliyokaa juu ya mabua, majani makavu au mmea. Mafundo 6 kati ya 20 ni asilimia 30, na hicho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika katika kilimo hifadhi. Mashamba mengi niliyopita mwezi Oktoba hayafiki hata fundo 2. Andika namba yako kwenye daftari. Mwakani utaipima tena mwezi uleule.

Mwisho, tazama maji yanapopita. Weka kigingi kila unapoona kijifereji, hata chembamba kama kidole. Mipaka yako ya kwanza itakaa hapo.

Hatua ya 2: Chagua zao la kufunika

Kwa shamba la mahindi la mkulima mdogo, chaguo langu la kwanza ni ngwara. Inavumilia ukame, inaendelea kuwa kijani miezi miwili mitatu baada ya mvua kukatika, majani yake ni mboga na ni chakula cha ng'ombe, na punje ina soko, hasa wanunuzi wanaoipeleka Kenya. Aina ya Rongai, iliyochukua jina la mji wa Rongai nchini humo, inatanda sana na inachelewa kukomaa. Inafaa ukitaka kifuniko na malisho. Ukitaka punje zaidi, tafuta aina zinazokomaa mapema, uulize kituo cha utafiti cha TARI Selian, Arusha, au afisa ugani wa kata yako. Kwenye kula, punje kavu ziloweke usiku kucha, chemsha, mwaga maji ya kwanza, ndipo uziunge.

Mbaazi ni mwenzake mzuri, na wakulima wa Babati na Karatu wameichanganya na mahindi tangu zamani. Mizizi inakwenda chini sana, majani yanayopukutika yanafunika udongo, na miti yake ni kuni. Tatizo lake ni soko. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ya huku iliporomoka na magunia yakakaa ndani. Kwa hiyo panda mbaazi kwa ajili ya udongo na chungu cha nyumbani kwanza; bei ikiwa nzuri, shukuru.

Marejea, yaliyoenezwa sana na Wabenediktini wa Peramiho mkoani Ruvuma, yanafaa ardhi iliyochoka na yenye minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi ya nyanya na maharage. Usilishe kuku wala nguruwe mbegu zake.

Upupu wa kilimo hauwashi kama ule wa porini, ingawa jina linawatisha watu. Unatanda kuliko mazao yote haya na unaua magugu kabisa. Lakini punje zake si za kula kama maharage, zina kemikali inayodhuru, na ukiuachia ndani ya mahindi machanga utayavuta chini. Nautumia tu kwenye kipande kinachopumzishwa msimu mzima.

Kama shamba lako lina kiduha, yaani lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, achana na yote hayo, nenda kwenye desmodi, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Mbinu ya sukuma-vuta, iliyobuniwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, magharibi mwa Kenya miaka ya 1990, inaweka desmodi kati ya mistari ya mahindi na majani ya brakiaria au mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodi inawafukuza nondo wa funza wa mabua, majani ya pembeni yanawavuta wakatage huko, na mizizi ya desmodi inachipusha mbegu za kiduha kisha inazinyima pa kushika, zinakufa. Imeonekana pia kupunguza viwavijeshi vamizi, waliotuingilia mwaka 2017. Ni zao la kufunika na mpaka kwa pamoja, na likishashika linakaa miaka.

Kwenye ukame wa Dodoma au Singida, uwe mwangalifu. Zao la kufunika nalo linakunywa maji. Huko panda kunde za muda mfupi, acha mabua shambani, na linda migunga iliyopo.

Hatua ya 3: Panda ngwara ndani ya mahindi

Panda mahindi kwa mistari ya sentimita 90 badala ya 75, ili katikati pawe na nafasi. Subiri palizi ya kwanza. Mahindi yakifika magotini, wiki ya tatu au ya nne, palilia vizuri kisha panda ngwara siku hiyohiyo au kesho yake: mstari mmoja katikati ya mistari miwili ya mahindi, shimo kila sentimita 50, mbegu 2 kwa shimo, kina cha sentimita 3 hadi 5. Eka moja itakula kilo 5 hadi 6 za mbegu.

Ukiwahi, ngwara itapanda juu ya mahindi na kuyafunga shingo. Ukichelewa hadi mahindi yatoe mbelewele, kivuli kitaidhoofisha na mvua itakatika kabla haijashika. Watu wanaoniambia ngwara ilishindikana kwao, mara nyingi ukiuliza unakuta ni tarehe.

Mikono michache ya ngwara, yale matawi yanayotambaa, itapanda juu ya mahindi hata ukipanda kwa wakati. Pita ukiishusha chini, usiikate. Palizi ya pili kwa kawaida inakuwa nyepesi, wakati mwingine inahitaji kung'oa kwa mkono tu, na hiyo ndiyo faida ya kwanza utakayoiona. Rutuba inakuja polepole, msimu wa pili na wa tatu. Anayekuahidi magunia mara mbili mwaka wa kwanza anakudanganya.

Kuna kipimo kimoja nakuomba ukifanye wiki ya saba au ya nane baada ya kupanda ngwara. Chimba shina moja kwa uangalifu, usilivute, halafu suuza mizizi kwenye maji. Utaona vifundo vidogo vimeshikana na mizizi. Kata kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au pa waridi, bakteria wanafanya kazi, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuiweka kwenye mmea. Pakiwa peupe au kijani, hawafanyi kazi. Hapo chukua debe mbili tatu za udongo kutoka shamba la jirani ambako ngwara au kunde zimestawi vizuri, changanya kidogokidogo kwenye mashimo msimu ujao, na ongeza samadi.

Hatua ya 4: Malizana na wafugaji mapema

Hapa ndipo mipango mingi ya kufunika udongo inapofia, kuliko kwenye ukame au wadudu. Vijiji vyetu vingi vina desturi kwamba mahindi yakishavunwa, shamba ni malisho ya wote. Mfugaji akiona ngwara ya kijani katikati ya Septemba, wakati malisho yote yamekauka, ng'ombe wake wataingia, na kwa desturi hajakosea. Usiku mmoja unatosha kumaliza kazi ya miezi mitano.

Desturi hii usiivunje kwa panga wala kwa kwenda polisi. Wafugaji na wakulima wa eneo hili wanategemeana: samadi inatoka kwao, mabua yanatoka kwetu, na mara nyingi ni ukoo mmoja. Anza mwezi Mei au Juni, kabla ya mavuno. Nenda nyumbani kwa mfugaji anayepitisha mifugo karibu na shamba lako, usimsubiri njiani. Mwamkie kama unavyomwamkia mzee wako, kaa, kunywa chai, kisha sema shida yako wazi: "Mzee, mwaka huu nimeweka ngwara kule bondeni. Naomba ng'ombe wasiingie mpaka nivune mwezi wa kumi. Nitakukatia mizigo ya majani wakati wa kiangazi, na mabua ya shamba la juu ni yako kama kawaida." Ahadi yako itekeleze bila kukumbushwa. Mwonye pia kwamba ngwara mbichi ikiliwa nyingi kwa njaa inaweza kumvimbisha ng'ombe tumbo. Achanganye na majani makavu.

Tenga sehemu ya mabua kwa mifugo tangu mwanzo. Mkulima anayetaka kubakiza kila bua shambani huku jirani hana cha kulisha anatafuta ugomvi. Ukibakiza kiasi cha kufikia yale mafundo 6 kati ya 20, kinachozidi kitoe, upewe samadi.

Mkiwa wakulima watano au zaidi mnaopakana, pelekeni ombi kwenye serikali ya kijiji ili eneo lenu liwekewe utaratibu, na mkutano mkuu wa kijiji ukikubali liingizwe kwenye sheria ndogo. Shinyanga walifanya hivyo kwa ngitili, yale malisho yanayotengwa na kufungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Ni desturi ya Wasukuma ambayo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, uliifufua. Miti ilirudi, na ndege nao wakarudi. Kilichoiwezesha ni kwamba wenyewe walikubaliana nani anaingia na lini.

Hatua ya 5: Tengeneza mpaka

Watu wanaogopa kupoteza ardhi, basi tupige hesabu. Eka yetu ya hatua 70 kwa 70 ina takriban mita 64 kila upande. Mpaka wa upana wa mita 2 kwenye upande mmoja unachukua mita za mraba zipatazo 130, yaani kama asilimia 3 ya eka. Na upande huo kwa kawaida ndio wenye mahindi mafupi, yaliyokanyagwa na mifugo au kunyimwa maji na mti wa jirani. Anza na upande mmoja tu, ule wenye vigingi vingi ulivyoweka hatua ya 1.

Shamba likiwa na mteremko, mpaka wa maana zaidi ni ule unaokata katikati, ukifuata kontua, yaani mstari unaobaki kwenye kimo kimoja cha mlima. Kuupima huhitaji mtaalamu. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 2, zifunge kwa juu zipanuke chini kama mita 2, kisha funga ufito wa tatu kwa kulalia katikati, upate umbo la herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu, ipite mbele ya ule ufito wa kulalia. Simamisha kifaa sehemu yoyote, weka alama kamba inapogusa ufito. Geuza miguu, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo sawa. Sasa anza upande mmoja wa shamba: mguu mmoja utulie, mwingine usogeze juu au chini hadi kamba itulie kwenye alama ya kati, piga kigingi, geuza, endelea. Mstari utapinda kufuata mlima. Uache upinde. Weka mstari mwingine kila mteremko unaposhuka kwa kimo cha mtu mzima.

Juu ya mstari huo wengine huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, lile tuta la fanya juu lililosambaa Machakos. Ukiwa na nguvu kazi, fanya. Ukiwa huna, panda majani ya gwatemala, vetiva au brakiaria mistari miwili iliyobanana kwenye kontua. Yatashika udongo na tuta litajijenga lenyewe kidogokidogo.

Mpaka wa pembeni panga hivi. Upande wa nje, vichaka na miti: kaliandra au gliricidia kila mita 1, na mti mmoja wa kienyeji kila hatua 15 au 20. Upande wa ndani, majani ya malisho. Acha mita 1 wazi kati ya majani hayo na mstari wa kwanza wa mahindi, hasa ukitumia mabingobingo, maana mizizi yake ina uroho. Kaliandra ina maua mekundu yanayovuta nyuki, na majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa: kilo 3 za majani mabichi zinachukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani.

Kwenye miti, mapenzi yangu ni kwa ya kienyeji. Mringaringa ukitoa maua meupe, simama chini yake asubuhi usikilize. Mti mzima unavuma nyuki. Mgunga unaangusha maganda ya mbuzi na unawapa ndege mahali pa kujenga. Wenzetu wa Kilimanjaro wamepanda masale kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yao ya nyumbani, vizazi na vizazi, na hakuna anayethubutu kuyang'oa. Kilichopo tayari kwenye mpaka wako, kama si gugu vamizi, kiachie kwanza. Kichaka cha miaka 10 hukipati kwa kupanda miche msimu mmoja.

Magugu vamizi nayo yang'oe bila huruma. Gugu karoti, lile lenye maua madogo meupe na majani kama ya karoti, limeenea Arusha na linawasha ngozi. Ling'oe kabla ya maua, ukivaa glovu. Alizeti pori ni mbolea nzuri ya kijani na nyuki wanayapenda maua yake, lakini ikate kabla ya mbegu kukomaa, la sivyo itahama.

Usikate mpaka wote kwa siku moja. Kata nusu, subiri wiki sita, kata nusu nyingine. Wale vidudu wa duara wekundu wenye madoa meusi mgongoni wanakula wadudu mafuta kutwa kucha. Nyigu wadogo wembamba wanataga mayai ndani ya viwavi. Wote wanahitaji jani la kulala na ua la kunyonya mwaka mzima. Bakiza pia magogo makavu mawili matatu. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao ndio wanaoyapenda zaidi maua ya ngwara na mbaazi, hutengeneza nyumba humo.

Kabla ya kupanda mti, ongea na jirani wa upande wa pili. Ingia hatua mbili ndani ya shamba lako, mkubaliane nani atapogoa matawi. Kivuli cha mgrivea kimepeleka watu kwenye baraza la kata. Na shamba likipakana na mto au ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hapo mpaka wako tayari umepangwa: acha matete, mikuyu na majani yaliyopo.

Ukilazimika kupiga dawa shambani, piga jioni nyuki wakisharudi mzingani, na mpaka usiuguse kabisa.

Hatua ya 6: Panya, nyoka na wanyama wakubwa

Nitasema ukweli ambao vipeperushi vingi vinauruka: kifuniko kizito kinampa panya shamba maficho. Jike mmoja huzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo, na hasara kubwa huja wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, anapofukua mbegu mstari kwa mstari. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kupanda, fyeka ile mita 1 kati ya mpaka na mahindi ibaki wazi. Panya anaogopa kuvuka mahali peupe. Pandeni siku zinazokaribiana na majirani, ili shamba moja lisibebe mzigo wa wote.

Kisha simika nguzo mbili kwa eka, urefu wa mita 3, zenye kijiti cha kulalia juu. Mchana zitatumiwa na mwewe, usiku na bundi. Najua bundi anavyoogopwa. Akilia juu ya paa watu wanamtafuta kwa mawe wakidhani ameleta msiba au ametumwa. Ndege huyu chakula chake kikubwa ni panya, na analia kwa sababu anatafuta mwenzake au anatangaza eneo lake. Kila bundi anayeuawa kijijini ni panya wengi waliosalimika. Wafundishe watoto wasiwapige. Na usitege sumu ya panya shambani, kwa sababu bundi, nguchiro na paka wa nyumbani watakula panya waliokunywa sumu, nao watakufa.

Nyoka hufuata panya. Karibu na nyumba, choo na njia ya wanafunzi, usiweke mpaka mzito. Acha mita 3 za majani mafupi. Ukienda kukata majani, vaa buti na anza kwa kupiga fimbo.

Ukilima mtama, uwele au ngano, usiache matete marefu yaliyosongamana kando ya shamba; kwelea kwelea hupenda kulala humo kwa makundi.

Kwa vijiji vya Karatu vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro, na vile vya Babati kwenye ushoroba wa Kwakuchinja, ile njia ya wanyamapori, kuna tembo. Hapo mpaka mnene wa miti unaoungana na msitu si busara, utamfichia njia. Panda pembeni vitu asivyovipenda, kama pilipili au ufuta, na weka ngwara sehemu ya ndani iliyo karibu na nyumba. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliofanyiwa utafiti na Lucy King kule Sagalla karibu na Tsavo, unatumia woga wa tembo kwa nyuki: mizinga inaning'inizwa kila mita 10 kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, tembo akiugusa mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Unahitaji kikundi, na mizinga iwe na nyuki kweli. Tembo akishaingia, usimkabili. Piga simu kwa askari wa wanyamapori wa kijiji, na ripoti hasara mapema ili tathmini ifanyike.

Hatua ya 7: Vuna, kata, panda juu yake

Mahindi yakivunwa, ngwara inapata jua na inatanda haraka. Vuna maganda kwa awamu, Septemba na Oktoba, yakikauka. Wiki mbili au tatu kabla ya tarehe ya kupanda msimu ujao, kata kwa panga sawasawa na ardhi na uache majani na mikono palepale. Mizizi usiing'oe; ikioza inaacha vinjia vya maji. Usichome moto, wala usilime kuyafukia.

Siku ya kupanda, fungua shimo au mstari tu, kwa jembe la mkono, kipandio au rippa, weka mbolea na mbegu, funika, na rudisha majani juu, ukibakiza upana wa kiganja wazi ili mche utoke. Mchwa watakula sehemu ya masalia. Waache, wana kazi yao. Ukiona wanahamia kwenye mahindi, ongeza majani makavu kati ya mistari wapate cha kula.

Mwaka wa kwanza fanya haya kwenye robo eka. Mwaka wa pili, pima kwa kamba ya mafundo, chimba shimo kandokando ya lile la zamani, tazama rangi ya udongo na minyoo, kisha amua kama unaongeza.

Hatua ya 8: Tunza mbegu

Chagua mashina 30 hadi 50 yaliyotanda vizuri na kuzaa, uyafunge utepe kabla ya mavuno ili yasichanganyike na ya kula. Pukuta, anika mpaka punje iking'atwa ivunjike badala ya kubonyea, pepeta, ondoa zenye matundu. Ngwara inashambuliwa sana na wadudu wa ghalani, kwa hiyo ihifadhi kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ile mifuko ya kinga njaa, uufunge kila tabaka peke yake na usiufungue mpaka siku ya kupanda. Kwa kiasi kidogo, chupa au dumu kavu lililojaa hadi juu na kufungwa kwa nguvu linatosha.

Kilo moja ya mbegu hiyo mpe jirani mnayepakana naye, mkubaliane akurudishie kilo mbili baada ya mavuno, na mpaka wenu mpande pamoja kabla mvua haijakolea.